Mabingwa wa Udongo na Mimea wa Usukuma, na Lituhusulo Sisi Wenye Mikarafuu

Ndugu wanachama, huenda baadhi yenu mkauliza: jarida la wakulima wa karafuu lina habari gani na Shinyanga na Geita, nchi ya pamba, ng'ombe, almasi na dhahabu, ambako hakuna shamba hata moja la mikarafuu? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba katika nchi ile wataalamu wa udongo na mimea walifanya kazi kubwa kwa muda wa miaka mingi, na mengi waliyoyagundua yanatufaa sisi wa visiwani pia. Watu hao wanasahauliwa. Dhahabu ya Geita inajulikana dunia nzima, lakini ni wachache wawezao kutaja jina la mtu mmoja aliyeichunguza mbegu ya pamba au udongo wa mbuga. Kwa hivyo leo tumeona yafaa tuwakumbuke, na tueleze walifanya nini, kwa njia gani, na sisi tuchukue lipi.

NCHI YENYEWE

Shinyanga iko kusini ya Ziwa Viktoria. Ni nchi ya tambarare na vilima vya mawe, na mvua yake si ya kutegemewa. Geita iko magharibi ya ghuba ya ziwa, ina mvua nyingi kidogo kuliko Shinyanga, na zamani ilikuwa pori kubwa lenye mbung'o. Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, pori hilo lilifunguliwa, na Wasukuma wengi wakavuka kwenda kulima huko. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930, mgodi ukafungwa katika miaka ya 1960, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikafanywa mkoa wa peke yake. Angalieni basi: katika miaka yote ile ambayo mgodi ulikuwa kimya, wakulima walikuwa wakipanda na kuvuna. Dhahabu huchukuliwa mara moja ikaisha, bali mbegu njema hurudi kila mwaka.

BWANA MILNE NA MNYORORO WA UDONGO

Mtu wa kwanza tunayetaka kumkumbuka ni Geoffrey Milne. Alitoka Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, akaja mwaka 1928 katika kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kuchunguza udongo. Kazi aliyokabidhiwa ilikuwa ngumu mno: kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki nzima. Mtu akitembea maili moja tu huona udongo umebadilika mara tatu au nne. Sasa vipi ataweza kuchora nchi ya mamia ya maili?

Milne aligundua kwamba mabadiliko hayo hayaji ovyo, bali yana utaratibu. Tuchukue mfano wa kilima cha Usukuma, ambako jambo hili huonekana wazi. Juu kabisa pana mawe makubwa. Chini ya mawe pana udongo mwekundu au wa kahawia. Ukishuka kidogo utakuta mchanga mwepesi, ambao Wasukuma huuita luseni. Ukizidi kushuka utakuta udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini yake, nao huitwa itogolo. Chini kabisa bondeni iko mbuga, yaani udongo mweusi, mzito, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata wakati wa mvua. Ukivuka bonde na kupanda kilima cha pili, utaukuta utaratibu ule ule, ila kinyume: mbuga, itogolo, luseni, na mawe juu.

Sababu yake ni maji. Mvua inaponyesha juu ya kilima, huchukua chembe nyembamba za udongo pamoja na chumvi za ardhi na kuziteremsha. Zile chembe nzito hubaki juu, na zile nyembamba hukusanyika bondeni. Hivyo jiwe la aina moja huzaa udongo wa namna nyingi, kwa kufuata mteremko. Milne aliuita utaratibu huu katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, kwa kuwa kila pete imeshikana na mwenzake. Tangu hapo mchora ramani hakulazimika kuchora kila pete. Alichora mnyororo mzima. Ramani yake ilitoka mwaka 1936. Kati ya Desemba 1935 na Februari 1936 alifanya safari ndefu ndani ya Tanganyika kuutazama udongo kwa macho yake. Alifariki mwaka 1942, na habari za safari ile zikapigwa chapa mwaka 1947, yeye akiwa hayupo tena. Neno katena hufundishwa mpaka leo katika vyuo vikuu vya dunia.

Lakini tusisahau jambo moja. Majina luseni, itogolo na mbuga hayakutungwa na mtaalamu yeyote. Yalikuwapo katika vinywa vya wakulima kabla ya Amani kujengwa. Msukuma alijua kwamba uwele hupandwa hapa na mpunga hupandwa kule katika majaruba. Alilofanya bingwa ni kueleza kwa nini, na kuonyesha kwamba sheria hiyo ni moja kwa nchi nyingi. Elimu ya chuoni na elimu ya konde zilikutana, wala moja haikuifukuza nyingine.

BWANA BURTT NA MITI YA SHINYANGA

Wa pili ni Bernard Dearman Burtt, mtaalamu wa mimea. Shinyanga palikuwa na makao makuu ya utafiti wa mbung'o, chini ya Charles Swynnerton, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1936. Mtu aweza kushangaa, kazi ya mtaalamu wa mimea ni nini katika vita na inzi? Ukweli ni kwamba mbung'o hawezi kuishi bila ya kivuli, na kila aina ya mbung'o ina pori lake. Basi anayetaka kumfukuza mbung'o yampasa kwanza aijue miti: ipi humpa makao, na ipi haina neno.

Burtt alizunguka nchi akikusanya matawi, maua na matunda, akiandika kila mti ulipoota na jirani zake ni miti gani. Alitunga ufunguo wa kutambulia miti ya porini, ili hata asiye mtaalamu aweze kuijua. Kwa elimu hiyo watafiti wa Shinyanga walijaribu kukata miti michache iliyochaguliwa badala ya kufyeka pori zima. Iko miti iliyopewa jina lake katika elimu ya mimea, mmoja wao ukiwa ni wa jamii ya mgunga. Mwaka 1938 Swynnerton na Burtt walikufa pamoja katika ajali ya ndege huko huko Tanganyika. Maandishi makubwa ya Burtt juu ya mapori ya Afrika Mashariki yalitolewa mwaka 1942 kwa juhudi ya wenzake.

Hapa pana fundisho. Milne na Burtt wote wawili walikufa kabla ya kumaliza, lakini kazi haikupotea, kwa sababu walikuwa wakiandika siku kwa siku. Kama wangaliweka mambo yao kichwani tu, yangalizikwa pamoja nao.

UKIRIGURU NA PAMBA YENYE MANYOYA

Sasa tuje kwenye pamba. Kituo cha Ukiriguru kiko karibu na Mwanza, nacho ndicho kilichowapa mbegu wakulima wa Mwanza, Shinyanga na Geita. Kuanzia mwaka 1939 kazi ya kuchagua mbegu pale iliendeshwa na watu wa shirika la Kiingereza la kustawisha pamba, na miongoni mwao walikuwapo J. E. Peat na K. J. Brown.

Adui mkubwa wa pamba siku zile alikuwa mdudu mdogo wa kijani aitwaye jasidi. Mdudu huyu hufyonza maji ya jani, na jani hugeuka rangi pembezoni, likajikunja na kukauka, na mti ukadumaa. Dawa za kupuliza zilikuwa hazijafika, na hata zingalifika mkulima asingaliweza kuzinunua. Lakini huko Afrika Kusini, katika kituo cha Barberton, mtaalamu mmoja, F. R. Parnell, alikuwa amekwisha kuona jambo la ajabu. Miti ya pamba yenye majani ya manyoya mengi haikudhurika, na ile yenye majani laini iliteketea. Sababu ni kuwa manyoya humzuia mdudu asikae vizuri wala kutaga mayai yake katika mishipa ya jani.

Basi wale wa Ukiriguru wakafanya hivi. Walipanda mbegu nyingi za asili mbalimbali. Wakachagua miti yenye manyoya, lakini wasichukue kila wenye manyoya, kwani mwingine huzaa kidogo na mwingine nyuzi zake ni fupi. Kila mti uliochaguliwa, mbegu yake ilipandwa mstari wake peke yake. Mavuno ya kila mstari yakapimwa na kuandikwa, na mistari mibaya ikatupwa. Mwaka wa pili hivyo hivyo, na wa tatu hivyo hivyo, mpaka ikapatikana mbegu ambayo watoto wake hawatofautiani na wazazi. Mbegu hizo ziliitwa UK, kwa jina la Ukiriguru, pamoja na tarakimu. Baadaye maradhi mengine yakatokea, kwanza ugonjwa wa bakteria wa majani, kisha mnyauko fuzari, na kila mara ilibidi kazi ianze upya, kuchanganya mbegu na kuchagua. Ndivyo zilivyokuja UK77, UK82 na UK91. Wengi wa waliofanya kazi hiyo katika miaka ya mwisho ni Watanzania.

Watu hao hawakuangalia mbegu tu. Mwaka 1962 Peat na Brown walitoa hesabu ya majaribio yao ya miaka mingi juu ya samadi, mbolea za chumvi, majivu ya mbegu za pamba, na kupumzisha ardhi. Majaribio ya namna hiyo hayafai kufanywa mwaka mmoja, kwa kuwa mwaka wa mvua nzuri kila kitu hustawi, na mwaka wa ukame kila kitu hukauka. Lazima konde lile lile lipimwe miaka mingi ndipo ukweli ujitenge na bahati.

MBEGU NJEMA HAITOSHI BILA YA UMOJA

Pengine mtadhani kwamba mbegu ikisha kupatikana kazi imekwisha. Sivyo. Pamba huchanganyika. Mkulima mmoja akipanda mbegu mpya na jirani yake akapanda ya zamani, nyuki watachukua unga wa maua huku na huku, na katika jinari mbegu zote zitamwagwa pamoja. Baada ya miaka michache mbegu njema imeharibika. Kwa hiyo ilifanywa kanuni: eneo moja la jinari hupewa mbegu mpya mara moja, wote pamoja, kisha eneo la pili, kisha la tatu, kama wimbi linavyotembea ufukoni.

Iko na kanuni nyingine: kung'oa na kuchoma mabua ya pamba baada ya mavuno, na tarehe yake ya mwisho ni tarehe 15 Septemba. Hii ni kwa ajili ya funza mwekundu, ambaye huishi ndani ya vitumba na mbegu zilizosalia. Akikosa chakula kwa miezi miwili au mitatu hupungua sana. Lakini mkulima mmoja tu akiacha konde lake bila ya kung'oa, amewafugia majirani wote funza. Kanuni za namna hii askari peke yake hawezi kuzitimiza. Huhitaji watu waaminianao. Nchi ya pamba ilikuwa na bahati ya kupata vyama vya ushirika vyenye nguvu, vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Viktoria, akiwamo Paul Bomani katika uongozi wake. Vyama vile viliundwa zaidi kwa ajili ya mizani ya haki na bei ya haki, lakini vilevile viliwazoesha watu kufanya jambo moja pamoja.

NGITILI ZILIZORUDI

Haifai tuseme mazuri tu. Kufyeka mapori kwa ajili ya mbung'o, kuzidi kwa makonde na mifugo, kukata kuni na kuhamishwa watu kwenda vijijini katika miaka ya 1970, mambo hayo yote pamoja yaliiacha Shinyanga uchi. Watu wakaanza kuiita jangwa. Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi HASHI, ukaendelea mpaka mwaka 2004.

Mwanzoni miche mingi iliotweshwa katika vitalu na kugawiwa. Lakini kilichoshinda zaidi ni desturi ya Wasukuma wenyewe, iitwayo ngitili. Ngitili ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zinapoanza, ng'ombe wasiingie, ikafunguliwa kiangazi wakati majani yamekwisha kwingineko. Sehemu ikifungwa hivyo, visiki vilivyo ardhini huchipua vyenyewe, na miti ikarudi bila ya kupandwa. Mradi ulipoanza ngitili zilizosalia zilikuwa ni mia chache tu za hekta; ulipokwisha zilikuwa ni mamia ya maelfu, katika mamia ya vijiji.

Mwaka 2005 wataalamu wa vyuo vikuu vyetu wenyewe, wakiongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, pamoja na Profesa Chamshama na wenzao, walitoa uchunguzi wao juu ya ngitili. Walikwenda vijijini wakahesabu yale ambayo mwenyewe hayatii katika hesabu: kuni, majani ya kuezekea, dawa za miti shamba, asali, matunda ya porini na malisho. Wakaonyesha kwamba yakijumlishwa ni mali kubwa kwa nyumba ya mkulima. Wakaonyesha pia kwamba faida haikugawanyika sawa, kwani mwenye ardhi kubwa alipata zaidi. Kusema hilo la pili ni uaminifu wa elimu. Bingwa wa kweli hupima jema na baya kwa mizani ile ile.

LITUHUSULO SISI

Sasa turudi kwenye mikarafuu. Visiwani petu nako wataalamu walikuja. Mashamba ya Unguja yalipigwa na ugonjwa wa kufa ghafla, ambapo mkarafuu mzima, uliokwisha kukomaa, hukauka majani na kufa kwa muda mfupi. Bwana F. J. Nutman, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuchunguza mibuni huko Amani, aliushughulikia ugonjwa huo, na pamoja na F. M. Roberts wakagundua katika miaka ya 1950 kwamba unatokana na kuvu waliyoipa jina Valsa eugeniae. Tena wakagundua kuvu ya pili, iletayo kukauka kwa matawi kuanzia nchani. Hii ya pili huingia kwa mlango wa jeraha, na jeraha kubwa la mkarafuu ni tawi linalovunjwa na mchumaji. Basi kila tukiambiwa tusivunje matawi wakati wa kuchuma, si kwa uzuri wa mti tu. Ni kwa uhai wake.

Tofauti yetu na watu wa Usukuma ni hii. Pamba huzaa mwaka ule ule. Mchagua mbegu wa Ukiriguru katika miaka kumi huona vizazi kumi. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka sita au minane, na nguvu zake kamili huzipata karibu na miaka ishirini. Yeye akikosea hupoteza msimu. Sisi tukikosea tunapoteza umri wa mtu. Tena mikarafuu yetu imetokana na mbegu chache zilizoletwa mwanzoni mwa karne ya 19, kwa hivyo yote ni ya ukoo mmoja, na ugonjwa utakaoushinda mmoja huenda ukaishinda mingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja kwa siku moja, na kazi ya kupanda upya ilichukua miaka mingi. Kwa hivyo yatupasa tuchukue mambo manne.

Kwanza, tuujue mteremko. Mkarafuu hupenda udongo wenye kina usiotuama maji. Kabla ya kupanda mche, chimbeni shimo juu ya kilima, jingine katikati na jingine karibu na bonde la mpunga, mtazame rangi na maji. Waulizeni na wazee majina ya udongo wa hapo, kwani jina la zamani aghalabu lina habari ndani yake.

Pili, tuchague mti mama. Mikarafuu huzaa vizuri mwaka mmoja na vibaya mwaka mwingine, kwa hivyo mti usihukumiwe kwa msimu mmoja. Utieni alama mti mnaoudhania mwema, mpime karafuu zake kwa misimu minne au mitano, na ndipo muache matunda yake yaive kwa mbegu. Mbegu hizo zipandwe zingali mbichi, kwa kuwa zikikaa hufa upesi.

Tatu, tutende kwa pamoja. Mti uliokufa kwa ugonjwa ukiachwa umesimama katika shamba la mmoja, ni hatari kwa mashamba ya wote. Tumeona jinsi tarehe moja ya kung'oa pamba inavyowalinda maelfu ya wakulima.

Nne, tuandike. Daftari la skuli linatosha: tarehe ya kupanda, mbegu imetoka mti gani, mavuno ya kila msimu, na mti uliokufa umekufa lini na vipi. Milne, Burtt, Peat na Nutman hawakuwa na uchawi. Walikuwa na macho, kalamu na subira. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hili ni kweli zaidi kwa mali ambayo aliyeipanda si yeye atakayeichuma.

Kuna jambo moja la mwisho katika kuwakumbuka mabingwa hao. Majina tuliyoyataja ni ya wale waliotia saini vitabu. Nyuma yao walikuwapo watu waliobeba mizani, waliohesabu manyoya ya majani juani, waliomwonyesha Burtt njia za porini na kumtajia miti kwa Kisukuma, na wakulima waliotoa makonde yao yafanyiwe majaribio. Wengi wao hawakuandikwa popote. Daftari zetu zisifanye hivyo. Anayepima aandike jina lake, na mwenye mti mama aandikwe jina lake pia, ili watoto wetu watakaochuma wajue ni nani wa kumshukuru.